Pazia la Kware

Baba mkwe wangu ni fundi cherehani ambaye siku hizi anavalisha ndege. Nasema hivyo kwa kumtania, na mwenyewe akinisikia hucheka. Ila kulikuwa na majira ya mvua ambayo utani huo usingemchekesha mtu yeyote nyumbani kwetu. Nilikuwepo tangu kitambaa kilipopimwa mpaka kilipofumuliwa, na uzi kwenye sindano niliutunga mimi, kwa hiyo nadhani naweza kueleza.

Kwanza mjue mtu mwenyewe. Ni mrefu, mwembamba, mabega yameinamia mbele kwa kukaa kwenye cherehani maisha yake yote, na akitembea unadhani bado anafuata mshono. Akikusalimia anakushika mkono, halafu vidole vinapanda taratibu mpaka kwenye pindo la mkono wa nguo yako. Siku mume wangu aliponipeleka kutambulishwa, niliinama nikasema, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama," akajibu. Kisha akaongeza, "Aliyekushonea gauni hili alikuwa na haraka."

Nilitamani nizame chini ya mkeka. Mama mkwe akamkemea, "Mzee! Mtoto wa watu hata hajakaa!" Lakini niliazimwa khanga, na kesho yake gauni lile lilinirudia likiwa limeshonwa upya pindo lote, limenyooshwa na kukunjwa, na tangu hapo sikumwogopa tena.

Nilipojifungua, yeye ndiye aliyempa mtoto jina la utani. Mtoto alikuwa analia kwa hasira, akinyamaza kidogo na kuanza tena, na Baba akasema, "Huyu analia kama mteja ambaye nguo yake haijawa tayari." Basi mtoto wangu akawa Mteja. Kila akilia, babu yake humwinamia na kumwambia lile neno ambalo mafundi wote duniani huwaambia wateja wao: "Rudi kesho."

Macho yalianza kumwacha pole pole. Watu aliwaona, njia aliiona, rangi alizijua. Vilivyompotea ni vitu vidogo: tundu la sindano, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Hakuwahi kusema haoni. Alisema, "Sindano za siku hizi zina matundu ya kibahili." Nikawa kila asubuhi namtungia sindano nyingi nyingi na kuzichomeka kwenye kipande cha godoro, yeye anashona mpaka ziishe. Baadaye nguo zikaanza kurudishwa na wateja, mmoja mmoja, kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko matusi. Ikafika siku anakaa barazani na futi shingoni, hana cha kupima. Akapima meza, akapima dirisha, akapima kichwa cha Mteja.

"Huyu mwisho atatupima na sisi sanda," mama mkwe akasema. Alisema kwa utani, lakini nilimwona akimtazama kwa jicho la upande.

Kware waliingia kipindi hicho hicho. Baba aliitwa kushona turubai lililochanika mbele ya duka la chakula cha kuku, akarudi na boksi lenye matundu. Ndani kulikuwa na ndege wadogo wa mviringo, wamekaa kimya kama mabonge ya udongo.

"Hiyo ni mboga ya leo au ni wageni?" mama mkwe akauliza.

"Ni wageni."

"Wageni wafupi hawa."

Baba aliinama kwenye boksi. Alimtoa mmoja, akamgeuza kifua kwenye mwanga na kuniita. "Mama, hebu njoo uone. Huyu kashonwa na nani?" Nikaangalia. Jike alikuwa na kifua cha madoa madoa, kila unyoya umepigwa mstari mwembamba katikati. Dume kifua chake kilikuwa kitupu, rangi ya kutu. Baba alipitisha kidole juu ya zile nyoya kama anavyopitisha kwenye kitambaa cha bei. Nikajua boksi lile halirudi dukani.

Aliwajengea vibanda kwa mbao na wavu, vimepandana kama ghorofa, kwenye ule ujia mwembamba kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa uzio, chini ya bati. Akajifunza tabia zao mmoja mmoja. Kware akishtuka hakimbii, huruka juu moja kwa moja kama kizibo cha chupa, na banda likiwa na dari ngumu hujipasua kichwa. Baba akashona vijigodoro vyembamba vya mabaki ya vitambaa akavitandaza kwenye dari za vibanda vyote. Vifaranga, ambao wanatosha kukaa juu ya kidole gumba, huzama kwenye kisahani cha maji na kufa, kwa hiyo lazima ukijaze kokoto. Wakubwa hutaga alasiri, si asubuhi kama kuku. Kivuli cha tangi la maji kikigusa ukuta, Baba alikuwa anainuka barazani, anajikung'uta suruali na kwenda kukusanya.

Alichokipenda zaidi ni mayai yenyewe. Kila jike ana chapa yake. Akitaga leo yai lenye mabaka makubwa, na kesho atataga la mabaka makubwa, ile ile, kama kitambaa kilichotoka robota moja. Baba akawapa majina kwa mayai yao. Kulikuwa na Bi Wino, ambaye mayai yake yalikuwa kama yamemwagikiwa wino. Kulikuwa na Bi Ramani. Kulikuwa na Bi Nukta, wa vidoa vidogo vidogo vilivyopangika kama vimewekwa kwa ncha ya kalamu, na yai lake lilikuwa dogo, limechongoka upande mmoja. Tundu la sindano Baba halioni, lakini yai akilisogeza dirishani alijua la nani, na kama halijaja alijua nani hajataga.

"Bi Ramani leo kagoma."

"Kamuulize vizuri," mama mkwe humjibu. "Ungekuwa unaniuliza mimi hivyo hivyo kila alasiri, tungekuwa mbali."

Wateja wakarudi, sasa wa mayai. Mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha kwenye kituo cha mabasi alikuja kuchukua kila asubuhi. Alikuja pia bwana mmoja, akamvuta Baba pembeni, akanong'ona kama ni kweli mayai haya yanatibu shinikizo la damu, kisukari na yale mambo mengine ya wanaume. Baba akamwambia kwa sauti ya kawaida, ujia mzima tukasikia, "Ndugu yangu, mimi nauza mayai. Kama unaumwa, hospitali iko pale mbele."

Madume yaliyozidi yalikuwa ya nyama. Siku ya kuchinja, Baba hukumbuka ghafla kwamba uzi umeisha. Huvaa kofia akaondoka, na kazi yote hubaki kwa mama mkwe, ambaye mkono wake hautetemeki. Jioni Baba hurudi bila uzi, anakaa mezani, anakula vizuri kabisa, na huwa wa kwanza kuulizia kipaja.

Mji wetu una hewa nzito. Hata siku ya jua, chumvi hulowa ndani ya kopo, kiberiti hugoma kuwaka, na viatu ukivisahau chini ya kitanda huota ndevu. Mvua za mwaka ule zikaja na upepo wa ubavuni. Asubuhi moja Baba aliwakuta kware wa ghorofa ya chini wamelowa, wamebanana kwenye kona moja kama nguo zilizokamuliwa, na mmoja amekufa. Alimshika muda mrefu.

"Kafa kwa baridi," akasema. "Kafa kwa baridi nyumbani kwa fundi cherehani. Aibu gani hii?"

Akaingia ndani, akafungua sanduku lake. Alikuwa na kitambaa kizito cha kijani kilichobaki zamani alipovalisha makochi ya watu, na alikuwa na nailoni nene ya kushonea makoti ya mvua. Akapima ujia mwenyewe kwa futi, akapima mara ya pili kwa mikono. Halafu akaniita. "Mama, nitungie sindano."

Nilizitunga, mtoto mgongoni. Alishona siku kadhaa, asubuhi mpaka kiza kinapoanza kuingia, kidole gumba kikitangulia mguu wa cherehani kama kipofu anavyotanguliza fimbo. Juu aliweka marinda, yote yanalingana. Ndani akaweka nailoni. Kwenye pindo la chini alitia kokoto ndogo ndogo ili upepo usilinyanyue. Lilipotundikwa, likaufunga ujia wote kutoka bati mpaka sakafuni, na wapangaji wakatoka vyumbani kuja kuliona. Hata mwenye nyumba wetu alikuja. Tunamwita Mama Kufuli kwa sababu ana kufuli mpaka kwenye bomba la uani. Akasimama, mikono kiunoni.

"Mzee Fundi, hata sebule yangu haina pazia kama hili."

"Sebule yako haitagi mayai," Baba akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Sikuwa nimemwona amesimama wima namna ile tangu niolewe. Kwa macho yale, sote tulijua ile ndiyo kazi kubwa ya mwisho ya mikono yake.

Na kweli mvua haikuingia tena, hata tone. Siku za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kisha mayai yakaanza kupungua. Kapu lililokuwa likirudi limejaa likawa linarudi nusu, halafu machache chini kabisa yakigongana, halafu Baba akawa anakwenda alasiri na kurudi na kapu tupu amelishika kwa nyuma, kama mtu aliyetoka tu kutembea. Kware wakavimbisha manyoya, macho nusu wazi. Wengine walipiga chafya, chafya ndogo kama ya kitoto. Na harufu ikaanza. Mwanzo ilikuwa ya mkojo uliolala, baadaye ikawa kali, ukipita karibu na pazia macho yanawasha.

Baba hakukaa bure. Alibadilisha chakula. Alitwanga dagaa, alisaga maganda ya mayai. Kila asubuhi alikwenda kwenye mvua kwa seremala kuchukua maranda makavu ya kutandika chini ya vibanda, na jioni maranda yale yalikuwa yamelowa kama mtu aliyamwagia maji kusudi.

"Wanakojoa kuliko mjukuu wako," mama mkwe alisema.

Baba aliwatazama kware walivyojikunyata. "Bado wanasikia baridi," akasema. "Nitaongeza bitana nyingine." Akaongeza, na sindano nikatunga tena.

Ndipo Mama Kufuli alipokuja kwa mara ya pili, safari hii khanga ameibana puani. Baba alikuwa barazani, mimi nilikuwa namnyonyesha Mteja mlangoni.

"Mzee Fundi, mimi nakuheshimu kama kaka yangu," akasema. "Lakini pua yangu haina heshima."

"Mvua zikikatika, harufu itaisha."

"Mvua zitakatika mpangaji keshapata kwingine! Chumba cha uani kiko wazi, dirisha lake linaangalia hapo hapo kwa ndege wako. Kuna muuguzi anakuja kukiona mwisho wa mwezi. Akivuta pumzi moja tu, anageukia getini." Akashusha sauti. "Sisemi kwa ubaya. Siku hiyo ikifika bado kunanuka, hao ndege watoke. Uwale, uwauze, uwagawe, shauri yako."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mama Kufuli alipoondoka, Baba alikaa akizungusha futi kwenye vidole. Baadaye alimwambia mama mkwe, bila kumtazama, "Labda tumwambie yule mama wa kituoni awachukue wote. Wa nyama watampatia kitu."

Mama mkwe, ambaye kila siku alikuwa anasema kware ni mke wa pili, hakutania. Aliinuka, akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa hata motoni.

Mimi nilikuwa na shida yangu ya nepi. Mwenye mtoto mchanga na mvua anajua. Kamba ya uani haikuwa na faida, kwa hiyo nilitundika nepi popote palipo na msumari. Nyingine nilitundika koridoni karibu na jiko, mahali ambapo upepo hupita hata kama mvua inanyesha. Nyingine nikazipeleka nyuma ya pazia la kware, kwa kuwa mahali pakavu kuliko pote ndipo pale. Mvua haikuwa imegusa hata sakafu, na Baba alijisifia hilo.

Za koridoni zilikauka polepole, lakini zilikauka. Za nyuma ya pazia ziliendelea kuwa mbichi, kesho, keshokutwa, mpaka zikaota vidoa vyeusi kwenye pindo. Siku moja nilichuchumaa pale na mtoto mgongoni, usawa wa vibanda vya chini, nikakaa tu. Hakukuwa na baridi. Kulikuwa na joto, joto la kwapani. Upande wa ndani wa ile nailoni kulikuwa na matone yamejipanga, yanateremka. Mteja akapiga chafya, na kware mmoja akapiga chafya, kama wanajibizana. Nikaelewa. Wale ndege hawakuwa wanaganda. Walikuwa wanapumua jasho lao wenyewe na mkojo wao wenyewe, ndani ya koti la mvua lililofungwa vifungo vyote.

Lakini ukishaelewa, unamwambiaje mtu? Nikaanza na mume wangu.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nilimwambia ukweli kuhusu baiskeli yake ya zamani, na mpaka leo nikitaja neno gurudumu ananuna."

Nikamwendea mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Mwanangu, unafikiri ndoa yangu imefikaje hapa? Kwa kutomwambia." Akapuliza pumba. "Ila nawe una akili. Utaona njia. Wahi, mwezi unaisha."

Nilifikiria siku nzima. Kumwambia Baba kwamba pazia lake linawaumiza ndege wake sikuweza. Mdomo wa mkwe una mipaka. Lakini kuna jambo moja nilikuwa nalijua juu yake tangu siku ya gauni langu: hawezi kushika kitambaa akakiacha kisiseme naye.

Kesho yake mchana mvua ikapumzika. Baba alikuwa barazani. Nikaja na nepi mbili, moja kila mkono, Mteja ananing'ang'ania shingoni.

"Baba, naomba unishikie hizi kidogo, mtoto ananivuta."

Akazipokea. Vidole vikaanza kazi vyenyewe. Kwanza nepi ya kulia, kisha ya kushoto, kisha akarudi kulia.

"Hii kavu," akasema. "Hii bado mbichi, umeianua mapema."

"Hiyo mbichi ndiyo iliyotangulia kuanikwa, Baba."

"Uliianika wapi?"

"Kule kwa kware. Nyuma ya pazia."

"Na hii?"

"Hapo koridoni, kwenye upepo."

Akaipeleka ile mbichi puani, kisha akaigusisha shavuni, kama tunavyofanya sisi wanawake kabla ya kumvalisha mtoto. Alikaa nayo pale shavuni muda.

"Mvua haiingii kule," akasema, na si kwangu.

"Haiingii, Baba. Hata tone."

"Ila na unyevu wa ndani hautoki."

Nilimpigapiga Mteja mgongoni ingawa hakuwa analia.

"Si ungeniambia tu, mama."

"Ningekuambiaje, Baba, na pazia lenyewe lilivyo zuri?"

Kwanza alitoa sauti ya puani, nikadhani nimemuudhi. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka nepi zikamwangukia magotini. "Zuri kweli," akasema. "Nimewashonea watu koti la mvua, wakalale nalo chumbani. Na waliponiambia wanasikia joto, nikawaongezea la pili!" Akajifuta macho kwa ile nepi kavu. Sijui kama machozi yote yalikuwa ya kicheko. "Waambie waniletee wembe."

Mama mkwe, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote huo, akatokea na mkasi mkubwa.

"Mkasi wa nini?" Baba akamwuliza. "Pazia halikatwi. Linafumuliwa."

Tulikaa barazani watatu, pazia limetandaa miguuni petu kama mto wa kijani. Baba alipitisha wembe kwenye mshono kwa kidole tu, sisi tunavuta nyuzi. Hakuwa na huzuni niliyoiogopa. Kila mshono aliusifia kabla hajaukata. "Ona hapa. Nani anashona hivi siku hizi?" Krr. "Na hapa, haukupinda hata kidogo." Krr. Kokoto za pindo zilipodondoka, Mteja alitaka kuzila, mama mkwe akamnyang'anya na kuzitia kwenye visahani vya maji vya vifaranga. Nailoni Baba aliikata upya ikawa ya kulazia chini ya shuka la mtoto, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Kwa miezi mingi godoro langu halikulowa.

Kutoka kwenye kitambaa cha juu alitengeneza pazia jingine, jepesi, lisilofika chini, lenye kamba za kulikunja, na kitambaa kilichobaki akakirudisha sandukuni. Upepo wa mvua ukija tunaliteremsha, ukipita tunalipandisha. Mume wangu akaongeza kipande cha bati ili paa litokeze mbele.

"Mimi nilijua tu tatizo ni hewa," akasema akiwa juu ya ngazi.

"Ulijua nini, wewe?" mama yake akamjibu kutoka chini. "Shika msumari."

Kinyesi kikawa kinatolewa kila siku kabla hakijalala. Maranda ya asubuhi yakawa makavu mpaka jioni. Niliwaona kware siku ya kwanza upepo ulipowapitia: walisimama wote, shingo juu, kisha mmoja akajikung'uta kuanzia kichwani mpaka mkiani, na wengine wakafuata. Walipowekewa kisinia cha mchanga na jivu, walioga mpaka vumbi likatutoka sisi puani.

Lakini hawakutaga. Mwisho wa mwezi ukafika, kapu bado tupu.

Muuguzi alikuja asubuhi, mwanamke mchangamfu aliyevaa viatu vya raba, anaonekana ametoka zamu. Mama Kufuli alitangulia mbele yake, pua ikitangulia mbele ya wote wawili. Walipokaribia ujia, nilimwona Mama Kufuli amebana pumzi. Baba alisimama kando ya vibanda, kofia mkononi. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunaosha chombo kimoja wote wawili.

"Ah, mna ndege!" muuguzi akasema. "Wanapiga kelele? Mimi nalala mchana."

"Dume huwika kidogo," Baba akasema. "Lakini kwa adabu."

Hapo hapo dume mmoja akawika, kwa ukali, mara moja na nyingine, kama mlango usio na mafuta.

Muuguzi akacheka. "Huyo ndiye mwenye adabu? Haya, wodini kwetu kuna zaidi yake." Akafungua dirisha la chumba, akachungulia nje, akavuta hewa kwa mapana. Mama Kufuli alikuwa bado hajapumua. Mwishowe akashindwa, akapumua. Akavuta tena, safari hii kwa kusudi, akisogea mpaka kwenye wavu wenyewe.

"Kunanukia mbao," akasema, kama anayelalamika.

"Ni maranda ya seremala," Baba akamjibu.

Mama Kufuli akamgeukia muuguzi, akaweka mkono juu ya banda. "Hawa ni ndege wa nyumba hii," akasema. "Ukihamia, mayai utayapata hapo hapo mlangoni kwako." Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba wanabaki. Mama mkwe akaniachia chombo, kikanimwagikia maji miguuni.

Wakati anaondoka, Mama Kufuli alirudi peke yake hatua chache. "Mzee Fundi. Lile pazia zuri umelipeleka wapi?"

"Nusu analalia mjukuu."

"Na nusu nyingine?"

Baba alivuta futi kutoka shingoni, taratibu. "Dirisha la sebule yako lina upana gani?"

Alasiri ile, kivuli cha tangi kilipogusa ukuta, alikwenda kwenye vibanda kama kawaida, na kapu lake. Akakawia. Halafu nikasikia sauti yake. "Mama! Njoo na macho yako!"

Nilikimbia, Mteja akirukaruka kiunoni. Baba alikuwa ameshika kitu ndani ya kiganja, amekifunika kwa kiganja kingine. Hakukisogeza dirishani. Alinifungulia mimi.

"La nani?"

Lilikuwa dogo, vidoa vimepangika kama vimewekwa kwa ncha ya kalamu.

"La Bi Nukta, Baba."

"Nilijua," akasema. "Nilijua kwa hapa lilipochongoka, ila nilitaka nisikie."

Mteja alikuwa amekwisha kuliona. Akajinyoosha kutoka kiunoni kwangu, vidole vyote vitano wazi, uso umejaa haki yake. Baba akafunga kiganja polepole, akamwinamia.

"Rudi kesho," akamwambia.